Barua kwa Mwalimu: Mfalme Aliyejitafuta

Mwezi uliopita niliandika hapa habari za Mfalme Oedipus, mchezo wa kuigiza alioutunga Sophocles wa Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Nilisema kwamba tanzia za Wagiriki wa kale, yaani michezo yao ya kuigiza yenye mwisho wa msiba, bado zinatufunua sisi watu wa leo. Tangu nianze kuishika safu hii sijapata barua nyingi kama safari hii, na baadhi zimeandikwa kwa uchungu. Nimechagua tano. Majina nimeyaacha, kama ilivyo kawaida yetu.

*Mwalimu, shikamoo. Makala yako nimeisoma mara mbili. Mfalme kamuua baba yake, kamuoa mama yake, kajitoboa macho. Mimi ni fundi pikipiki. Sijaua mtu, na mama yangu namheshimu. Hapo najifunza nini juu yangu? Naona ni habari ya mtu mwenye mkosi tu. – Fundi, Singida*

Marahaba, fundi. Umeuliza sawasawa, na kosa ni langu. Nilisimulia yaliyomkuta mfalme nikaacha kusimulia mchezo wenyewe, na hivyo ni vitu viwili. Ukienda kuutazama mchezo ule hutaona baba akiuawa wala ndoa ikifungwa. Hayo yalishapita miaka mingi nyuma. Utakachokiona ni siku moja tu ya mtu mzima, mwenye akili, anayependwa na raia wake, akifanya uchunguzi.

Tauni imeingia Thebes, mji anaoutawala Oedipus. Mazao yanakauka, mifugo inakufa, wanawake wanajifungua watoto wafu. Watu wamekuja mlangoni kwa mfalme wameshika matawi, na yeye anatoka mwenyewe kuwasikiliza, anawaita wanangu, anawaambia kwamba anaumwa kuliko wao kwa sababu kila mmoja wao analia la kwake na yeye analia la mji mzima. Si mfalme mbaya huyu. Ameshamtuma shemeji yake Creon kwenda Delphi kuuliza kwa mungu Apollo. Jibu limekuja: aliyemuua Laius, mfalme aliyetangulia, yumo humu mjini, mtoeni. Oedipus anaapa mbele ya watu kwamba atampigania Laius kama ambavyo angempigania baba yake mzazi. Watazamaji wa Athens waliijua hadithi tangu utotoni, kwa hiyo kiapo kile kiliwaingia kama msumari.

Sasa tazama hapa. Anaitwa Tiresias, mwaguzi kipofu. Mzee hataki kusema, anaomba arudishwe nyumbani. Mfalme anamshurutisha, anamtukana, mpaka mzee anachoka na kulitamka: muuaji unayemtafuta ni wewe. Mchezo haujafika hata nusu, na mfalme ameshaambiwa kila kitu! Anafanyaje? Anauliza nani kamtuma. Ni Creon? Wamekula njama lini ya kumpokonya kiti? Anaacha kuyapekua maneno, anampekua msemaji.

Ni pale, fundi, ninapotuona mimi na wewe. Mteja anarudi na kukwambia pikipiki uliyoitengeneza jana bado inatoa mlio ule ule. Kinachotangulia kukujia kichwani ni ule mlio, au ni yule fundi wa ng'ambo ya barabara aliyemjaza maneno mteja wako? Jibu hilo unalijua wewe mwenyewe, huhitaji kuniandikia.

Jina Oedipus maana yake ni mtu wa miguu iliyovimba. Alipokuwa mchanga alitobolewa vifundo vya miguu, akafungwa, akapelekwa kutupwa mlimani. Makovu anayo mpaka leo, anayaona kila anapovaa viatu. Na katikati ya mchezo mkewe Jocasta, akitaka kumtuliza, anamwambia: waaguzi ni waongo, hata mimi nilitabiriwa kwamba mwanangu atamuua baba yake, lakini mtoto tulimfunga vifundo vya miguu akatupwa porini, na Laius aliuawa na majambazi pale penye njia panda. Mtu mwenye makovu vifundoni anayasikia maneno hayo yote, na sikio lake linanasa "njia panda" peke yake. Habari ya vifundo inampita kama upepo. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi sana na kila mara natamani kumshika bega.

Kumbuka pia alivyoupata ufalme. Palikuwa na Sphinx, jitu lenye kichwa cha mwanamke na mwili wa simba, lililokaa nje ya mji likitega kitendawili, na aliyeshindwa kukitegua aliliwa. Kitendawili chenyewe kimepokewa hivi: kuna kiumbe ambaye asubuhi ana miguu minne, mchana miwili, jioni mitatu. Oedipus akajibu, ni mtu: utotoni hutambaa, akikua husimama, akizeeka hushika mkongojo. Wenye akili wote wa Thebes walikuwa wameshindwa. Alimjua binadamu, na kwa kumjua akapewa kiti na mke. Binadamu mmoja tu alimshinda kumjua, naye habari zake zilikuwa zimeandikwa miguuni vilevile.

(Waliosoma saikolojia wataniuliza kuhusu Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyelichukua jina la Oedipus akalipa tamaa ya mtoto kwa mama yake. Kwa maoni yangu alichukua hadithi akauacha mchezo. Oedipus wa Sophocles hamtamani mama yake hata kwa sentensi moja. Anachokitamani ni kujua, huku akichagua nani wa kumsikiliza.)

Jambo moja zaidi, halafu nitakuacha urudi kwenye spana zako. Mjumbe anafika kutoka Corinth, mji alikolelewa Oedipus, na katika mazungumzo yake Jocasta anang'amua kabla ya mumewe. Anamsihi asiulize tena, anamwombea asijue kamwe yeye ni nani. Mume anajibu nini? Kwamba mwanamke huyu ana majivuno, anaogopa nisije nikaonekana mtoto wa mtumwa. Mama amemtambua mwanawe, mwana anadhani ni maringo. Jocasta anaingia ndani na hatoki tena hai.

Sisi tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika tanzia hizi anayevunjika guu ni mkuu mwenyewe, kwa kutosikia la mdogo: la kipofu, la mwanamke, la mtoto wake, la mchungaji, la askari wa zamu. Ukizisoma moja baada ya nyingine, kaa ukihesabu ni mara ngapi mtu aliambiwa mapema.

*Mwalimu, sisi tunaamini kadari. Ikiwa huyo Apollo wao alishapanga kila kitu, kosa la Oedipus liko wapi? – Mzee wa Pangani*

Shikamoo, mzee wangu. Suala la kadari katika dini nawaachia masheikh, mimi nibaki mchezoni. Oedipus akiwa amekwisha kujipofua, wazee wa mji wanamuuliza ni nani aliyemsukuma kufanya vile. Anajibu kwamba ni Apollo, rafiki zangu, aliyenitimizia mateso haya, lakini mkono uliopiga ni wangu mwenyewe. Anayasema yote mawili kwa pumzi moja. Katika maisha yangu nimesikia wengi wakisema nusu ya kwanza, na wachache wenye kujitesa wakisema nusu ya pili. Kuzibeba zote mbili ni kazi ya mtu mzima.

Pale njia panda, mzee mmoja aliyepanda gari la farasi alimpiga Oedipus kichwani, na Oedipus akamuua yeye na wafuasi wake, akaponyoka mmoja tu. Utabiri ulisema atamuua baba yake. Haukumwambia awe mwepesi wa hasira kiasi kile kwa kugombania njia.

*Mwalimu, naandika kwa uchungu. Mwaka juzi mdogo wangu wa kiume aliuawa na watu wenye hasira, wakisema kaiba. Baba akakataza matanga, akasema mwizi haliliwi nyumbani kwake. Nilikwenda mochwari na majirani wawili, tukamchukua tukamzika. Tangu siku hiyo baba hasemi na mimi. Dada yangu mkubwa alinyamaza kimya, na yeye ndiye ninayemchukia kuliko hata baba. Katika makala yako ulimtaja kwa sentensi moja binti aitwaye Antigone, aliyemzika kaka yake. Niambie habari zake. – Dada mtu, Mwanza*

Pole sana, mwanangu. Na ahsante kwa kumzika.

Antigone ni binti yake Oedipus, na Sophocles alimtungia mchezo wake peke yake. Kaka zake wawili waligombania kiti cha Thebes. Mmoja, Polyneices, alikuja na jeshi la nje kuushambulia mji wake mwenyewe, na ndugu hao wakauana. Creon, ambaye sasa ndiye mfalme, akaamuru aliyeulinda mji azikwe kwa heshima, na Polyneices aachwe juani aliwe na ndege na mbwa. Asizikwe, asililiwe. Atakayevunja amri atakufa.

Askari wa zamu anakuja kumweleza mfalme kwamba amri imevunjwa, na maelezo yake siwezi kuyasahau. Anasema pale hapakuwa na alama ya jembe wala ya sururu, ardhi ilikuwa ngumu na kavu, hakuna njia ya gurudumu. Maiti ilikuwa imefunikwa vumbi jembamba tu. Huyo ni msichana aliyezika kwa viganja vyake. Askari walilipangusa lile vumbi. Akarudi mchana, akaiona maiti iko uchi tena, akapiga ukelele kama ndege aliyekuta kiota hakina makinda, akabeba vumbi jingine kwa mikono, akammiminia marehemu maji ya heshima mara tatu kutoka kwenye jagi la shaba. Wakamkamata, na hakukana.

Wewe ulikuwa na majirani wawili. Yeye hakuwa na mtu.

Hata hivyo nataka umtazame Creon kwa makini, maana nadhani baba yako anafanana naye kuliko unavyotaka kukubali. Creon si mnyama. Mji umetoka vitani jana, anataka watu wajue kwamba msaliti na mlinzi hawako sawa. Lakini kisha anakuja mwanawe Haemon, mchumba wake Antigone. Anakuja kwa adabu, anaanza na neno "baba". Anamwambia kwamba gizani mji mzima unamlilia yule msichana, ila mbele yako hakuna anayethubutu. Anampa mifano miwili. Mti ulio kando ya mto uliofurika ukikubali kuinama unabaki na matawi yake, ukikaidi unang'oka na mizizi. Na nahodha anayeikaza kamba ya tanga asiilegeze hata kidogo, chombo kitapinduka, naye atamaliza safari viti vikiwa chini juu. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa hapo, anaijua demani, kamba hiyo ya tanga, na anajua upepo ukizidi inafanywaje. Creon anajibu: wazee wa umri wetu tufundishwe akili na mtoto wa umri huu? Haemon anasema, usitazame miaka yangu, tazama ninachosema.

Kule Robben Island wafungwa waliuigiza mchezo huu, na Nelson Mandela ndiye aliyekuwa Creon. Ameandika mwenyewe juu ya hilo. Aliona kwamba Creon mwanzoni anasema maneno ya busara kuhusu uongozi, kisha anakataa kumsikiliza yeyote. Mfungwa wa sheria dhalimu akajivika nafsi ya mtawala asiyesikia, akazisema kauli zake kwa mdomo wake. Sijui zoezi jingine la kujijua lililo gumu kuliko hilo.

Mwisho wake ni huu. Tiresias, yule yule kipofu, anakuja tena kuonya, na Creon anamtuhumu kwamba amenunuliwa. (Umeona? Neno lile lile la Oedipus.) Mzee akishaondoka, hofu inamwingia mfalme, anawauliza wazee wa mji afanye nini. Wanamjibu waziwazi: nenda kamtoe msichana pangoni ulikomfungia, kisha umzike aliyelala nje. Wameipanga hivyo, msichana kwanza. Creon anaondoka mbio na watu wake, na anageuza. Anaanza na maiti. Wanamwosha Polyneices, wanachoma mabaki yake, wanamlundikia kaburi la udongo wa kwao. Ndipo anakwenda pangoni. Antigone amekwisha kujinyonga. Haemon yumo ndani, anamtemea baba yake mate usoni, anajiua mbele yake. Habari ikifika nyumbani, mama yake Haemon naye anajiua.

Nimemaliza kukusimulia, sasa niseme la moyoni. Ulimtanguliza ndugu yako, na ulifanya vema, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari. Lakini yeye ameshalala. Waliobaki ni walio hai, na mmoja wao ni dada yako. Antigone naye ana dada, Ismene. Mwanzoni Ismene anakataa kusaidia: sisi ni wanawake, hatuwezi kushindana na wenye nguvu. Antigone akishakamatwa, Ismene anatoka mbele ya mfalme analia, anasema na mimi nilishiriki, niueni naye. Na Antigone anamfukuza. Anamwambia simpendi ndugu anayependa kwa maneno. Nilipokuwa msichana niliusoma mstari ule nikampigia Antigone makofi. Sasa nina miaka sitini na mingi, na nikiufikia naona binti aliyeumizwa akimsukuma mtu wa mwisho aliyekuja kusimama naye.

Dada yako alinyamaza siku ile. Je, tangu hapo hajawahi kuja? Hajapiga simu ukaikata, hajatuma mtoto na mfuko wa sukari, hajakaa karibu yako msibani pengine ukahama mkeka? Wanaoogopa huwa hawaji na hotuba. Mtazame tena. Baba yako nadhani atachukua muda mrefu zaidi. Mwanamume aliyejikataza kumlilia mwanawe mbele ya majirani anaona kila akikutazama wewe kilio chake kimesimama mlangoni.

*Mwalimu, nipo kidato cha sita, nachukua Historia na Kiswahili. Tamthilia hizo waliigiza akina nani? Na kwa nini watu wazima watoke nyumbani kwao kwenda kulia? – Mwanafunzi, Iringa*

Waliigiza wanaume watupu, hata nafasi za wanawake, wakiwa wamevaa barakoa. Waigizaji wenye maneno hawakuzidi watatu, wakibadilishana barakoa, pamoja na korasi ya watu 12, baadaye 15, walioimba na kucheza. Ilikuwa sikukuu ya mungu Dionysus, majira ya kuchipua, kwenye uwanja uliochongwa ubavuni mwa kilima cha Acropolis. Washairi watatu walishindana, kila mmoja akileta tanzia tatu na mchezo mmoja wa kuchekesha. Gharama za korasi alibebeshwa tajiri mmoja wa mji. Kabla michezo haijaanza, watoto wa kiume waliofiwa na baba zao vitani, waliolelewa kwa fedha za mji, walipitishwa mbele ya watu wakiwa wamevaa silaha. Sophocles mwenyewe alitunga zaidi ya michezo 100, tumebaki na 7 kamili, na aliwahi kuchaguliwa kuwa jemadari wa Athens.

Kuhusu kulia, nikupe habari mbili uzitafakari. Mwaka 494 kabla ya Kristo Waajemi waliuteka mji wa Miletus, ambao watu wake Waathene waliwahesabu ndugu zao. Mshairi Phrynichus akautungia mchezo, watu wakalia uwanja mzima. Mwanahistoria Herodotus anasema walimtoza faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wao wenyewe, na mchezo ukapigwa marufuku.

Ya pili ni ya mwaka 472. Mshairi Aeschylus wa Athens alikuwa amepigana na Waajemi hao hao pale Marathon mwaka 490, na kaka yake alifia huko. Mwaka 480 Waajemi waliichoma Athens kabla ya kushindwa baharini huko Salamis. Miaka minane baadaye Aeschylus analeta mchezo, na haumweki Mwathene hata mmoja jukwaani. Unatupeleka Susa, nyumbani kwa adui. Mama yake mfalme ameota ndoto mbaya, mjumbe anakuja na orodha ndefu ya vijana waliokufa maji, wazee wanapasua nguo, mfalme anarudi na matambara mwilini. Watazamaji wamekaa, na juu nyuma ya migongo yao mahekalu yaliyochomwa na watu hao bado ni magofu. Wakampa Aeschylus tuzo ya kwanza.

Kwa nini walilipisha kilio kile na kukituza hiki, hilo ndilo swali ningekupa kama ningekuwa bado nakusahihishia. Mimi nadhani msiba wako ukiletwa mbichi unakufunga macho. Ukiletewa wa adui, unamwona mama mzee analia mtoto, na kabla hujajikumbusha kumchukia umeshamtambua.

*Mwalimu, unatuambia Oedipus ni sisi. Wewe mwenyewe amekufundisha nini? Tuambie ukweli. – Msomaji wa siku nyingi, Morogoro*

Nimeiweka barua hii mwisho kwa sababu niliiogopa.

Oedipus nilimkuta kwanza kwa Kiswahili, katika *Mfalme Edipode*, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1971. Nilikuwa chuo cha ualimu. Niliandika insha juu ya Tiresias, nikapata alama za juu kuliko darasa zima, na miaka mingi baadaye nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu jinsi mfalme alivyokataa kumsikiliza kipofu.

Mwaka 1989 nilikuwa makamu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana. Zikapotea fedha za michango ya mahafali, shilingi 6,400, ndani ya bahasha ya kaki, kutoka ofisini kwangu. Aliyefagia ofisi wiki ile alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa watu wasio na kitu, na siku mbili kabla alikuwa ameonekana na viatu vipya. Nilimhoji. Alilia tu. Kwangu kulia kule kulitosha.

Jioni mpishi wa shule alikuja mlangoni. Alivua kofia, akasimama nje ya kizingiti, mikono ina unga. Akasema, "Mwalimu, huyu mtoto asubuhi ile alikuwa na mimi jikoni tangu alfajiri, ananisaidia kuchambua mchele. Ofisini alikwenda kengele ilipogonga, na wewe ulikuwa umeshafika." Nikamwambia kazi yake ni ugali, arudi jikoni. Akabaki amesimama. Ndipo nikamuuliza, mbele ya walimu wawili, kama fungu lake amekwisha kulipokea.

Soma tena hapo juu, kwenye jibu la fundi wa Singida, mfalme alichomuuliza kipofu. Nilikuwa nimeifundisha sentensi hiyo darasani mwaka ule ule.

Msichana alifukuzwa. Mpishi ndiye aliyembebea sanduku mpaka kituo cha basi.

Mwezi wa Desemba nilikuwa nyumbani napanga madaftari ya mahudhurio niliyoyachukua mwenyewe shuleni kuja kuyakamilisha. Katikati ya daftari la Kidato cha Kwanza B ilianguka bahasha ya kaki. Juu yake palikuwa na mwandiko wangu: Mahafali. Nilizihesabu fedha nikiwa nimekaa sakafuni. Zilikuwa zote. Nilizihesabu tena, sijui kwa nini.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwa mkuu wangu nikasema, na barua ya kumrudisha mtoto ikaandikwa. Haikujibiwa. Nikapanda basi kwenda kijijini kwao. Msichana hakuwepo, alikuwa amekwisha kupelekwa mjini kufanya kazi za ndani, na shule hakurudi tena. Mama yake alikuwa anapeta mahindi. Alinitandikia mkeka, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, akakaa. Nilimweleza yote tangu bahasha mpaka daftari. Hakunikatiza. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Mwalimu, mbona mwanangu alisema mpishi alikwenda kukwambia?"

Nikamwambia ndiyo, mama, aliniambia.